Neno Ambalo Halikuwemo Katika Somo

Kwa miaka ishirini na mitatu nimefundisha dini katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, na kwa miaka hiyo yote swali la kwanza la kozi yangu limekuwa lile lile: Je, Mungu yupo? Ninaliandika ubaoni siku ya kwanza, ninapiga mstari chini yake, kisha ninalijibu kwa hoja tano, moja baada ya nyingine, kwa saa mbili nzima. Wanafunzi wananakili. Mwisho wa mwaka wananirudishia hoja zangu kwenye mtihani, nami ninawapa pointi. Nilipokuwa kijana nilikaa seminarini miaka miwili kabla ya kuona kwamba upadre haukuwa wito wangu, na nilitoka huko na sanduku la madaftari ambalo mke wangu amelihamisha mara tatu, nyumba hadi nyumba, bila kulifungua hata siku moja.

Ninasema haya mapema ili msomaji ajue nilikotoka. Mimi ni mtu wa maneno. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nilizaliwa nikitoa maelezo, na kwamba mkunga ndiye aliyelia. Hasira zangu nazo ziko karibu, hasa mtu anapokosea jambo ambalo ninalijua vizuri. Na mambo ya Mungu niliamini ninayajua vizuri.

Katika mtaa wetu, kama katika mitaa mingine ya mji huu, tuna shirika letu: familia zipatazo ishirini zinazokutana kila Alhamisi jioni, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kusoma Injili ya Dominika inayokuja. Utaratibu ni rahisi. Mmoja anasoma. Tunanyamaza. Kisha yeyote aliyeguswa na neno fulani analitamka neno hilo hilo kwa sauti, bila kuongeza lake. Tunaita kurudilia. Mtu anarudilia neno moja, wengine wanalipokea kimya, mwingine anarudilia lake. Hakuna mahubiri katika sehemu hiyo. Maelezo yanakuja baadaye, na kwa desturi iliyojiotea yenyewe kama magugu, maelezo yalikuwa yangu. Sehemu ya kurudilia niliivumilia tu, kama mtu anayesubiri mvua ipungue ili atoke.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mjane, anayeuza sambaza sokoni Kadutu, wale samaki wadogo wa ziwani. Hakujua kusoma. Alikuwa akija moja kwa moja kutoka sokoni, na kabla hajaingia harufu ya sambaza ilikuwa imeshabisha hodi. Kila Alhamisi, somo liwe la nini, yeye alirudilia neno moja tu: "Musiogope." Mwana mpotevu amerudi nyumbani: "Musiogope." Mtoza ushuru amepanda mti: "Musiogope." Alilisema polepole, macho yamefumbwa, kisha akanyamaza hadi mwisho.

Nilivumilia miaka. Halafu Alhamisi moja tulisoma habari ya arusi iliyoishiwa divai. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri juu ya ile mitungi sita ya mawe. Kimya kilipoingia, wa kwanza kufungua kinywa alikuwa yeye, na neno lilikuwa lile lile. Nikashindwa kujizuia.

"Maman," nikamwambia, "iko wapi 'musiogope' mu hii somo? Batu yote mutafute mu Biblia zenu. Haiko! Turudilie tu ile iko mu somo. Si tunaelewana?"

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu mwalimu amesema kweli. Yeye alivuta kitenge chake kichwani akajibu, "Ni sawa, mwalimu." Tangu jioni ile hakurudilia tena kitu. Alikuja, akaketi karibu na mlango, akanyamaza, akaenda zake. Miezi sita ilipita hivyo, nami nilifurahi kwamba utaratibu umerudi.

Koo langu lilianza kukwaruza wakati wa Noeli. Nikasema ni vumbi la chaki. Kufikia Kwaresima nilikuwa ninafundisha kwa sauti ya jogoo mwenye mafua, na wanafunzi wa nyuma walianza kuniiga nikigeukia ubao. Mke wangu alinipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mmoja wa wanafunzi wangu, aliingiza kimrija chenye taa akaangalia, akaangalia tena, akasema kuna kinyama kwenye nyuzi za sauti. Walikitoa wiki iliyofuata. Kipande kilipelekwa ng'ambo ya mpaka kupimwa, majibu yangekuja baada ya wiki tano au sita. Na mimi nikapewa adhabu.

"Papa, wiki tatu bila neno," daktari alisema. "Hata kunong'ona, hapana."

Mke wangu aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Nadhani alitaka kuhakikisha furaha yake.

Lakini njiani kurudi nyumbani hakuna aliyecheka. Baba yangu alikufa kwa uvimbe ulioanzia shingoni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na niliona jinsi sauti yake ilivyotangulia kuondoka, mwili ukafuata. Kwa hiyo nilipokaa kwenye kiti changu sebuleni, nikiwa na ardwazi, kile kibao cheusi cha watoto wa darasa la kwanza, na kipande cha chaki mkononi, sikuwa ninawaza sauti. Nilikuwa ninawaza kifo, na nilikuwa ninaogopa.

Nikajaribu kusali. Hapa ndipo nilipopata aibu kubwa kuliko zote. Sikuweza kusema kwa mdomo, basi nikasema kwa moyo, na nilipojisikiliza nikagundua kwamba ninamfundisha Mungu. Nilimweleza sifa zake. Nilimkumbusha kwamba yeye ni wa milele, kwamba anajua yote, kwamba yuko mahali pote. Nilizipanga hoja zangu tano mbele yake kama mtu anayeomba kazi. Na upande wa pili hakukuwa na mtu. Nilikuwa ninamjua Mungu kama ninavyomjua gavana: ninajua cheo chake, majukumu yake, hata ukuta wa ofisi yake, lakini hatujawahi kusalimiana. Miaka ishirini na mitatu! Mganga hajigangi, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeketi na dawa zote mezani, sijui hata moja ina ladha gani.

Nyumbani maisha yaliendelea. Majirani walikuja kunipa pole, nami niliwaandikia kwenye ardwazi mistari sita ya shukrani yenye mwanzo, kiini na hitimisho. Mke wangu ndiye aliyewasomea wasioona vizuri. Alikiangalia kibao, akamgeukia mgeni, akasema, "Anasema aksanti." Nikapiga ubao kwa kidole: soma yote! Akaongeza, "Aksanti sana."

Siku moja, akichambua maharagwe, aliinua kichwa akaniambia, "Unajua, papa, leo njo najua kama hii nyumba iko na mulango yenye kupiga makelele. Miaka yote sikukuwa naisikia." Nilitaka kukasirika, lakini hasira bila sauti ni kazi ngumu. Nikachukua mafuta nikapaka bawaba.

Wiki ya pili shirika lilikuja kwangu. Ndiyo desturi: mtu akiugua, mkutano unahamia nyumbani kwake, na hawaji mikono mitupu. Mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu tangu Jumapili, basi kila familia ilileta bidoni, dumu lililojaa maji. Ziliwekwa mstari mmoja ukutani, za njano zote, na akina mama walioketi chini walizifanya egemeo. Mimi mwenyewe sikuwahi kubeba bidoni kwenda kwa mgonjwa. Tulikuwa tumekubaliana, au nilikuwa nimekubaliana na nafsi yangu, kwamba mchango wangu ni maelezo. Yule mama wa sambaza aliingia wa mwisho, akaweka bidoni yake kwenye mstari, akampa mke wangu sambaza waliofungwa katika karatasi, akaketi karibu na mlango.

Dada mmoja alisoma. Lilikuwa somo la mpanzi na mbegu. Kikaja kimya. Kisha watu wakaanza kurudilia.

"Udongo muzuri."

"Zingine zikaanguka mu miiba."

"Mwenye masikio asikie."

Kila neno nililisikia, kila neno nililijua, ningeweza kutaja sura na mstari. Hakuna lililonishika. Yalipita juu yangu kama mbegu zile zile za njiani, na ndani yangu hofu ilikuwa imeketi palepale. Nikajikuta ninamtazama yule mama. Yeye alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikaendelea kumtazama. Ilichukua muda kabla sijaelewa ninachofanya: nilikuwa ninasubiri. Katika chumba kile chote, katika dunia yote, kulikuwa na neno moja tu nililolihitaji, na lilikuwa kinywani mwa mtu niliyemkataza kulisema.

Na sikuwa na sauti ya kumwomba. Nikachukua ardwazi. Nikaanza kuandika sentensi ndefu, yenye "kwa kuwa" na "hata hivyo", nikaifuta kwa kiganja. Nikaandika: "Maman, unisamehe. Rudilia neno lako." Nikamwonyesha. Alikitazama kibao, akanitazama mimi, na ndipo nikakumbuka kwamba hajui kusoma. Nikampa mke wangu.

Nilidhani atafupisha, kama kawaida yake. Mara hii alisoma yote, neno kwa neno.

Yule mama alishangaa. "Lakini haiko mu somo ya leo, mwalimu," alisema. "Ya leo ni ya mbegu."

Alisema bila kisasi hata chembe. Alikuwa anatii. Kwa miezi sita alikuwa amenitii, na utii ule uliniumiza kuliko kama angenitukana.

"Maman, anaomba," mke wangu akamwambia.

Basi akaeleza, akiwaambia wote, kama mtu anayeomba radhi. "Ile neno ni ya mutoto yangu. Iko mu mashimo ya dhahabu, kule Luhwindja. Siku ya Alhamisi, wakati tunanyamaza, ninamuona anashuka mu shimo na benzake. Njo ninawaambia: musiogope. Kisha mwalimu alisema haiko mu somo. Nikaanza kumuambia mu roho tu. Lakini mu roho tu haitoshi. Mutu anapashwa kuisikia."

Hakuna aliyecheka jioni ile. Aliinuka, akaruka miguu ya watu, akaja mbele yangu. Aliweka kiganja chake shingoni mwangu, juu ya koo lenyewe. Kilikuwa kigumu, kibichi kwa maji ya bidoni, na kilinuka sambaza. Akafumba macho.

"Musiogope," akasema.

Sasa msomaji atataka nieleze kilichotokea, na kwa mara ya kwanza maishani sina maelezo mengi. Sikuona nuru. Koo halikupona ghafla. Hata hofu haikuondoka. Ilibaki, ila sikuwa tena peke yangu nayo. Kulikuwa na Mtu. Ninaandika kwa herufi kubwa kwa sababu sizungumzii yule mama, ingawa mkono ulikuwa wake. Alikuwapo chumbani kama anavyokuwapo mtu aliyefika zamani akaketi kimya, ukawa unaongea tu hujamwona. Nililia mbele ya shirika zima, mimi mwalimu, bila sauti, kamasi zikinitoka, na mke wangu akanipa ncha ya kitenge chake. Tulimaliza kwa Baba Yetu. Mimi niliifuata kwa midomo. Nilipofika kwenye neno la kwanza kabisa, lile la kuita, nilikwama hapo na sikuendelea, kwa sababu lilikuwa limenitosha.

Majibu yalikuja wiki ya sita. Yule mama alifunga meza yake sokoni asubuhi hiyo akatusindikiza hospitali, mke wangu upande huu, yeye upande ule, kana kwamba ningetoroka. Daktari alifungua bahasha, akasoma, akatabasamu: kinyama hakikuwa na ubaya. Mke wangu akapiga kigelegele katika ujia wa hospitali na akakemewa na muuguzi. Sauti, daktari alisema, itarudi, lakini si ile ya zamani. Itachoka upesi. Nisipige kelele, nisihutubie.

Na ndivyo ilivyo. Siku hizi somo langu la kwanza linachukua dakika ishirini. Hoja tano bado ninazifundisha, kwa kuwa si uongo, na ziko kwenye mtihani. Lakini nikimaliza ninawaambia wanafunzi kwamba hizo ni habari za Mungu, na kwamba habari za mtu si mtu. Mmoja aliuliza, "Sasa mwalimu, mutu anamupata wapi?" Nikamjibu kwamba mimi alinipata nikiwa nimenyamazishwa. Waliandika hilo nalo kwenye madaftari, maskini, wakidhani litaulizwa. Na Alhamisi, kwa mgonjwa, ninabeba bidoni. Mara ya kwanza nilimwaga nusu njiani kwenye ule mteremko wetu wa udongo mwekundu, na watoto wa mtaa walinicheka hadi nyumbani.

Yule mama alirudi kwenye neno lake. Mpanzi, kipofu, kondoo aliyepotea: "Musiogope." Nilikuwa ninalisubiri kila wiki.

Kisha mvua za Novemba zilikuja kali, na shimo moja kule Luhwindja liliporomoka. Mwanawe alikuwa ndani na wenzake wawili. Walimzika huko huko, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika, na mama yake hakufika kuutupa udongo.

Habari ilitufika asubuhi. Mchana tulikwenda kwenye kilio, nyumbani kwake, chumba kimoja cha mbao na mabati. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani, wanaume nje kwenye viti vya kukodi. Nilipofika watu walinifungulia njia. "Mwalimu amefika," nilisikia wakisema, "mwalimu atatuambia neno." Katika koti nilikuwa na daftari langu la zamani, lile lenye sura juu ya mateso ya wasio na hatia na wema wa Mungu. Nililichukua nikitoka nyumbani, sijui kwa nini. Mkono ulizoea.

Nitasema nilivyojisikia: nilikuwa na hasira, na mara hii hasira yangu ilikuwa juu yake Yeye. Wiki baada ya wiki mama huyu alimtumia mwanawe neno moja. Lilikwenda wapi? Lilimfaa nini kule chini, giza na maji vilipomwangukia? Sikuwa na jibu, na sura ile ya daftari haikuwa nalo. Bado sina. Lakini niliona jambo moja lililonishangaza: nilikuwa ninamkasirikia Mtu. Zamani ningetafuta hoja. Leo nilikuwa ninamuuliza, naye alikuwapo, amenyamaza, wala hakuondoka.

Nikaliacha daftari kotini. Nikavua viatu nikaketi mkekani kando ya yule mama. Alikuwa halii tena. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu, na mikono yake, ambayo ilikuwa na kazi kila wakati, ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Mwalimu," alisema bila kunitazama, "ile neno imeisha mu kinywa yangu. Naitafuta, siioni."

Chumba kizima kilinisubiri. Niliogopa kulisema. Lilionekana kama matusi, kumwambia hivyo mtu ambaye jambo aliloliogopa limeshatokea. Lakini ndilo alilonipa, na sikuwa na kingine. Nikaushika mkono wake.

"Musiogope," nikasema. Sauti ilitoka na mikwaruzo, nusu upepo.

Akafumba macho. "Rudilia."

"Musiogope."

"Rudilia, mwalimu."

Nikarudilia. Mara ngapi sijui. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyehubiri, mvua ilianza kupiga mabati nami nikaendelea chini yake, hadi koo likawaka moto na sauti ikakatika kabisa. Nikabaki ninachezesha midomo tu, kama siku zile za ardwazi. Ndipo nikasikia kwamba neno halijakatika, linaendelea, polepole, kwa sauti ninayoijua. Lilikuwa linatoka kwake.